Rafu ya Muziki wa Baba

4 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa mimi, na sababu utaiona.

Mama amefika Jumamosi na mizigo miwili. Wa kwanza ni sanduku la nguo ambalo ningelibeba kwa vidole viwili. Wa pili ni mashine ya santuri ya Baba, pamoja na amplifaya, spika zake mbili na makasha ya santuri, uliohitaji wanaume wanne na matusi ya kutosha kuupandisha ngazi. Hakukubali hata waya mmoja ubaki nyumbani. Tangu tumzike Baba, nadhani hakuna kitu anachokilinda kama hicho.

Nikaiweka juu ya ile meza yangu ya kioo ya televisheni, na spika nikazipanga huku na huku juu ya meza hiyohiyo. Nilijiona nimefanya la maana. Kioo kinang'aa, mashine inang'aa, sebule ya fundi cherehani imekuwa ya waziri. Mama akaketi, nikaweka santuri. Kitinda, ilitoka sauti ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Besi ilivuma mpaka vijiko vikaitikia jikoni. Nikainuka kupunguza, na kwa kuwa sakafu ya ghorofa hii ni ya mbao, na mimi si mwembamba kama zamani, sindano ikaruka ikaangukia wimbo mwingine kabisa. Mama akasema, "Zima, mwanangu. Hii siyo." Akaenda kulala jua bado linawaka.

Tangu siku hiyo anasema mvua zikiisha atarudi kwake. Kule peke yake, na mguu ule! Unakumbuka alivyoanguka uani akabaki chini mpaka jirani alipokuja kuazima chumvi. Sitaki kuletewa habari kama ile tena. Nikimsihi abaki ananijibu, "Nyumba yako nzuri, ila haina sauti." Ninavyoona mimi, anachokikosa ni muziki wa Baba jinsi ulivyokuwa ukilia nyumbani. Tukiurudisha ule, atatulia.

Wewe ndiye seremala, na wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia Baba taa akiwa chini ya meza. Niambie nifanye nini. Na usinijibu kwa utani mtupu.

Dada yako


15 Machi

Dada, shikamoo.

Kwenye kioo? Baba angefufuka akuchape, kisha afe tena kwa amani.

Haya, utani nimeumaliza, sikiliza somo. Sindano ya santuri ni sikio, na halichagui cha kusikia. Inasikia yaliyoandikwa kwenye santuri, lakini inasikia pia miguu yako, mlango wa jirani, na meza yenyewe inavyotetemeka. Ukipanga spika meza moja na mashine, zinaitikisa sindano kwa yaleyale iliyokwisha kuyasema, nayo inayasema tena. Ule ndio mvumo wako. Na kioo hakijui kunyamaza. Kigonge kwa kucha, utasikia.

Kwa hiyo spika zishushe. Kila moja ikae juu ya stuli yake, mbali na kona, maana kona huzidisha besi. Mashine isogeze ukutani, pale sakafu isipodunda. Kisha tafuta kitu kizito ukiweke juu ya kitu laini. Slabu ya zege ya kutengenezea njia ya bustani inafaa sana, na chini yake mpira wa ndani wa baiskeli wenye upepo kidogo tu. Uzito unanyamazisha, ulaini unazuia miguu yako isipande juu. Mashine ikae sawa, tumia pima-maji.

Nilipoandika neno hilo nimemwona Baba. Jumapili, harufu ya gundi ya mbao, yeye amelala kifudifudi, na sisi tumekatazwa kukimbia ndani. Anasukuma kipande cha kadibodi chini ya mguu wa meza, anasikiliza. Anakitoa, anasikiliza. Nilikuwa nadhani baba wote duniani hufanya hivyo Jumapili. Meza ile aliiunda mwenyewe, na haikutulia hata siku moja. Nadhani niliingia useremala ili nimtengenezee nyingine, na sikuwahi.

Jambo moja la mwisho. Fanya kazi hii Mama akiwa hayupo. Akikuona unahangaika atasema unajisumbua bure, na atakukataza. Mshtukize. Mwache aketi, asikie mwenyewe, aseme mwenyewe.

Ningekuja, lakini milango ya hoteli hii haiishi. Nikitundika kumi, mwenye hoteli anakumbuka vyumba vingine.

Mdogo wako,
Kitinda


2 Aprili

Kitinda wangu,

Nimevumilia mengi kwa ajili ya familia hii, lakini kupandisha slabu ya zege ngazi tatu, nimeikumbatia kama mgonjwa, sikutegemea. Mwalimu wa ghorofa ya chini alifungua mlango akaniuliza kama tumeanza ujenzi. Nikamwambia ndiyo. Yule tangu Mama aje anagonga dari kwa ufagio hata tukicheka.

Nilingoja Mama aende kliniki ya mguu. Nikaweka mpira sakafuni kando ya ukuta, nikaweka jiwe juu yake, nikashusha spika. Kioo nimemgawia mteja wangu mmoja. Nikacheza santuri, nikarukaruka sebuleni kama mwendawazimu. Sindano haikutikisika! Na ule mvumo wa pipa umeondoka. Uliyosema yote ni kweli, ukae nayo, ila usijivune.

Mama aliporudi nikamketisha, nikaweka wimbo, nikakaa mbele yake kumtazama. Wimbo ulipoisha akauliza, "Jiwe hilo la nini?"

Nikababaika. Nikasema, "La mapambo, Mama."

Aliliangalia jiwe, akaniangalia mimi, akaomba chai. Lakini kuna dalili njema. Jana nimemkuta anazifuta santuri za Baba kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, anazirudisha kwenye makasha yake. Mtu hatunzi hivyo vitu vya nyumba anayotaka kuikimbia. Nadhani anaanza kuzoea. Barua zako nazificha ndani ya cherehani ili siri isivuje.

Dada yako


11 Aprili

Dada, shikamoo.

Anafuta santuri! Basi tusiishie kwenye jiwe. Naunda rafu.

Nimepata mbao ngumu zilizobaki hapa, nzito mpaka randa inalalamika. Itakuwa na miguu mitatu, si minne, maana cha miguu mitatu hakipepesuki hata sakafu ikiwa mbovu. Ndani ya miguu nitatoboa tundu nijaze mchanga mkavu, mtetemo ukiingia humo hautoki. Kila mguu utasimama juu ya ncha ya chuma. Mashine itakaa juu kabisa, peke yake kama mfalme, na amplifaya chini yake kwenye kibao cha pili. Baba aliota kitu kama hiki maisha yake yote akakosa nafasi.

Nahitaji vipimo: upana, urefu na kimo cha kila kimoja. Nahitaji uzito pia, nijue mchanga kiasi gani. Na uniandikie namba iliyo mgongoni mwa mashine, kuna fundi redio hapa anazijua, ataniambia miguu yake ya mpira imekaaje. Mama asijue.

Kitinda


25 Aprili

Kitinda,

Vipimo hivi hapa, nyuma ya karatasi. Vimenigharimu heshima yangu.

Mama aliwahi kurudi kutoka kliniki. Akanikuta nimepiga magoti, futi yangu ya kushonea nimeizungusha kwenye amplifaya, unaweza kusema naipimia suti ya harusi. Pembeni kuna mizani niliyoazima dukani, na karatasi niliyoandika namba ya mgongoni mwa mashine. Nikasema nashona kifuniko cha kuzuia vumbi. Akauliza, "Na mizani?" Nikasema kitambaa siku hizi kinauzwa kwa uzito.

Hakuuliza zaidi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na kimya cha Mama kinanitia wasiwasi. Anakula, anasali, anakaa dirishani. Zamani alikuwa akikosoa mishono yangu, siku hizi hata hilo ameacha. Hiyo rafu ifanye haraka. Na ukiweza kuja nayo mwenyewe, itakuwa bora kuliko kuituma.

Dada yako


29 Mei

Kitinda,

Rafu imefika salama. Nimeipapasa kama mtoto mchanga. Sikujua mikono yako imekomaa hivi. Kweli usione vyaelea, vimeundwa.

Mama akiwa kliniki nikaipanga yote kama ulivyochora. Kisha nikaweka ile santuri ya gitaa ambayo Baba alikuwa akiipiga tukiamka Jumapili. Nikasikia vidole vya mpigaji vinavyoteleza kwenye nyuzi. Vidole, Kitinda! Nikakaa chini sakafuni nikalia, na cherehani ina nguo ya watu. Ilikuwa Jumapili ile, tumelala kwenye mkeka mmoja, na wewe umenipora shuka. Nilitamani ungekuwepo.

Mama aliporudi nikamketisha. Alisikiliza upande mzima, mikono mapajani. Ulipoisha akasema, "Asante." Kama unavyomwambia mtu aliyekupisha mlangoni. Akaenda kulala.

Sielewi. Tumebakisha nini?

Dada yako


3 Juni

Kitinda,

Mama ameondoka. Nilikwenda kumjaribisha bibi harusi gauni, niliporudi sebule ni tupu. Amewaita walewale wanaume wanne. Mwalimu wa chini ndiye aliyewafungulia mlango, na nasikia alishika spika moja kwa furaha zake. Mashine, amplifaya, makasha, vyote vimekwenda. Rafu yako ameiacha, ameipangusa vumbi. Nakwenda kumfuata kesho na barua zako zote.

Dada


9 Juni

Kwa mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, mimi mama yako ni mzima, mguu nao unajitahidi. Dada yako alikuja, akalia hapa barazani, akanisomea barua zako zote. Nikamwambia anipe nizisome mwenyewe, maana alikuwa anaruka mahali.

Kumbe mlikuwa mnanitengenezea furaha. Mimi nilidhani mnaiuza mashine ya baba yenu. Usicheke. Mtu akipima kitu kwa futi, akakipeleka kwenye mizani, akaandika namba ya mgongoni, kisha akaficha barua ndani ya cherehani akidhani simwoni, wewe ungefikiri nini? Na aliniambia jiwe la zege ni pambo! Njia ya mwongo ni fupi, na ya dada yako haifiki hata mlangoni. Namshukuru Mungu kwa hilo. Sikutaka ugomvi na wanangu, nikachukua cha mume wangu nikaondoka. Mnisamehe kwa kuwashuku.

Lakini bado sijasema nitarudi, na nitakueleza kwa nini.

Baba yenu hakuwahi kusogeza hata kadibodi bila kuniita. "Mama watoto, njoo usikilize!" Nina unga mikononi, naitwa. Nina wewe mgongoni, unalia, naitwa. Naketi kwenye kiti kilekile, ananipigia wimbo. "Haya, na sasa?" Anatoa kadibodi. "Na sasa je?" Mwanangu, sikuwahi kusikia tofauti yoyote. Kwangu ulikuwa wimbo mmoja. Nilikuwa namtazama usoni nijue lipi limemfurahisha, nasema, "Hilo." Akifurahi, nami nimefurahi. Na siku ambazo chakula hakijaiva, nilikuwa nasema, "Bado kidogo, mume wangu," anarudi chini ya meza yake, mimi napata nafasi ya kumaliza kupika.

Nilikuwa nalalamika sana kuitwaitwa. Sasa nakutamani kuitwa kule mpaka naumwa.

Kwenu sikuitwa. Kila kitu mlisogeza nikiwa kliniki, kisha mnaniketisha na kunitazama usoni kama mtu aliyemeza dawa. Hamkuniuliza juu ya jiwe, hamkuniuliza juu ya rafu. Na si hayo tu. Baba yenu alipozikwa mlikaa wawili uani mkaongea, mkaja kuniambia, "Mama, utakaa kwa Dada." Chumba ni kizuri, mapazia mazuri. Lakini niliambiwa.

Hapa mashine iko juu ya meza ya baba yenu, inapepesuka vilevile. Hakuna wa kuniuliza hapa pia, ila hapa nimezoea.

Mama yako


18 Juni

Mama, shikamoo.

Barua yako imenikuta kazini, nikaweka randa chini na sikuishika tena siku hiyo.

Katika hoteli hii situndiki mlango hata mmoja kabla ya kumuuliza mwenyewe: ufunguke kulia au kushoto, kitasa kiwe juu au chini. Mtu ambaye simjui. Wewe sikukuuliza hata kama unapenda mbao nyeusi au nyekundu. Tulikuwa na hofu juu ya mguu wako, Mama, na hofu ikatufanya wajuaji. Kuuliza si ujinga, ulitufundisha mwenyewe tukiwa wadogo.

Basi nakuuliza. Unataka kukaa wapi? Ukisema hapo, nitakuja kukuwekea vishikio ukutani, kuanzia chumbani mpaka uani, na Dada akinung'unika nitamnyamazisha. Ukisema kwa Dada, tutakuhamisha na makasha yako kwa heshima. Sitakutazama usoni ukijibu. Nitageukia ukutani.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Mwenye hoteli amekataa. Nakuja, na rafu naipitia kwa Dada.

Mwanao,
Kitinda


14 Julai

Kwa binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mdogo wako amekuja na ameondoka. Amekonda, lakini anakula kama kawaida. Vishikio ameviweka, vimekaza, na binti wa jirani analala hapa, kwa hiyo punguza kuota ndoto mbaya.

Nataka nikueleze habari ya rafu. Aliileta, akaiweka hapa kwenye sakafu ya saruji, karibu na meza ya baba yenu. Nilikuwa jikoni. Nikasikia, "Mama, njoo usikilize!" Sauti yake imekuwa nzito kama ya baba yenu, sikuwa nimelitambua hilo. Nikajifuta unga mikononi, nikaja.

Nikaketi. Akapiga ile santuri ya gitaa juu ya meza ya baba yenu. Nikasema, "Vizuri." Akaihamishia mashine kwenye rafu, akapiga tena. "Na sasa?" Mimi nikamtazama usoni, kama nilivyozoea. Mjinga yule akageukia ukutani. Nikakosa pa kutazama, ikabidi nisikilize.

Nilisikia, mwanangu. Kwako siku ile sikusikia kitu, moyo wangu ulikuwa unawaza mashine inauzwa. Lakini hapa nilisikia. Ngoma ilikuwa nyuma, upande wa dirisha. Gitaa lilikuwa karibu na mlango. Mwimbaji alisimama katikati, na chini ya sauti yake kulikuwa na sauti ya mwanamke, ndogo, inamfuata kila aendako. Santuri hii imepigwa nyumbani kwangu tangu wewe hujazaliwa, na sikuwa najua kwamba ndani yake kuna mwanamke. Nikasema, "Irudishe mezani." Akairudisha. Mwanamke akapotea. Nikasema, "Haya, kwenye rafu tena." Akarudi.

Nikaanza kulia. Mdogo wako akadhani rafu ina kasoro, akatoa pima-maji.

Kumbe baba yenu hakuwa akicheza. Miaka yote ile alikuwa ananiita nije nimsikie mtu, na mimi nasikilizia uso wake tu. Nilimwambia ndiyo nyingi kwa kumpenda. Juzi nimesema ndiyo niliyoisikia kwa masikio yangu, na mwenyewe hayupo. Hilo linaniuma, sikufichi.

Umeniuliza, wewe na ndugu yako, nataka kukaa wapi. Nataka kukaa kwako. Mguu huu hauna adabu, chumba kile ni kizuri kweli, na mishono yako inahitaji mtu wa kuikosoa. Ila si mwezi huu. Santuri za baba yenu ziko hapa, makasha yamejaa, na sasa najua kwamba hakuna hata moja niliyowahi kuisikia. Nazisikiliza moja moja, kwenye nyumba alimozisikiliza yeye. Zikiisha nitakuandikia uje unichukue. Usinihimize.

Mama yako